Nauza kadi za duka zenye riba kubwa ili nisipoteze kazi. Nifanyeje?

Swali: Mimi ni keshia kwenye duka kubwa la nguo na vyombo vya nyumbani hapa Columbus, Ohio. Kila shifti tunatakiwa tupate wateja wawili wa kuomba kadi ya duka. Riba yake ni asilimia 31.99 kwa mwaka. Nisipofikisha, meneja ananikatia masaa. Mwezi huu nimeshuka kutoka masaa 32 kwa wiki hadi 18. Kwa kuwa najua Kiswahili, wananiita kila anapokuja mteja Mkongo au Mtanzania. Wiki iliyopita nilimfungulia kadi mama mmoja, na nina hakika alidhani ni kadi ya punguzo tu. Mimi ni Mwislamu, na jambo la riba linaninyima usingizi, lakini nina watoto wawili na kodi ya nyumba. Je, ninakosea? Nifanyeje?

Jibu: Dada, kumuuliza mteja kama angependa kadi si kosa, na riba hiyo hukuipanga wewe. Kosa linaingia pale mteja anapobonyeza kukubali huku kuna jambo zito asilolijua, wewe unalijua, na umenyamaza kwa sababu ya hesabu ya shifti. Mpaka uko hapo. Unaweza kuusimamia ukiwa bado kazini, ila nisikufiche: utakugharimu.

Kwanza elewa kwa nini meneja wako hana mzaha na kadi hizi. Jina lililoandikwa ni la duka, lakini anayekopesha ni benki. Zinazojulikana zaidi katika biashara hii ni Synchrony, Citibank, Capital One na Bread Financial. Benki hugawana mapato na duka kwa mkataba. Mwaka 2022 Macy's peke yake iliripoti zaidi ya dola milioni 800 zilizotokana na kadi. Fedha hizo haziji na gharama ya kununua nguo, kusafirisha wala kupanga rafu, ndiyo maana maombi ya kadi yanahesabiwa kwa jina la kila keshia na kubandikwa kwenye chumba cha mapumziko. Na usitegemee kwamba sheria ya jimbo itaishusha riba hiyo. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu ya Marekani wa mwaka 1978 katika kesi ya benki ya Marquette, benki hutoza riba inayoruhusiwa na jimbo ilikosajiliwa, hata mteja akiwa jimbo jingine, na nyingi zimejisajili Delaware, South Dakota au Utah ambako hakuna ukomo unaozibana. Kadi za kawaida zimekuwa zikitoza kama asilimia 21; za maduka, nyingi zimevuka 30.

Mteja anayelipa bili yote kila mwezi haiingizii benki hata senti ya riba. Riba na faini zinalipwa na wale wanaobakiza deni, na hao mara nyingi ndio wenye kipato kidogo au wageni wa nchi. Naomba ulikabili hilo bila kulizunguka, kwa sababu wakufunzi wa mauzo watakuambia kwamba kadi ni «huduma» tu kwa mteja.

Tupige hesabu, maana bila hesabu mtu hubishana kwa hisia. Mteja amenunua vitu vya dola 150, akapata punguzo la asilimia 20 kwa kufungua kadi. Ameokoa dola 30, anadaiwa 120. Akilipa zote bili ya kwanza ikija, amefaidika kweli, na huna cha kujilaumu. Akichelewa mara moja tu, faini ya kuchelewa, ambayo huwa kama dola 30, imemeza punguzo lote. Sasa chukua anayeendelea kutumia mpaka deni likafika dola 500. Akilipa dola 30 kila mwezi bila kununua kitu kingine, atamaliza baada ya miezi 23 na atakuwa ametoa karibu dola 170 za riba. Akilipa dola 20, itamchukua miezi 42, na riba itafika karibu dola 335. Tofauti ya dola 10 kwa mwezi imeongeza deni hilo mwaka mmoja na nusu.

Kama duka lenu lina pia ule mpango wa «bila riba kwa miezi 12» kwa samani na vyombo vikubwa, huo uuogope zaidi ya kadi yenyewe. Riba huwa inahesabiwa kimyakimya tangu siku ya kwanza. Mteja akimaliza deni lote ndani ya muda, inafutwa. Akibakiza chochote, inamwangukia yote kwa mkupuo. Sofa ya dola 1,200, analipa 90 kila mwezi kwa uaminifu, mwaka unaisha amebakiza 120. Siku inayofuata anakuta anadaiwa kama dola 345, kwa sababu riba ya mwaka mzima, zaidi ya dola 220, imeongezwa. Kinachowaponza watu hapa ni kiasi cha chini kinachoandikwa kwenye bili: wanadhani wakikilipa kila mwezi watakuwa wamemaliza kwa wakati, na mara nyingi hakitoshi. Anayechukua mpango huo agawanye bei kwa 11, asigawanye kwa 12. Kwa sofa hiyo ni dola 110 kwa mwezi, na mwezi wa kumi na mbili unabaki kama akiba ya kuchelewa kwa posta au malipo kutopita.

Sasa turudi kaunta. Maneno haya yanachukua muda usiofika nusu dakika, na yanatosha:

«Ungependa kuomba kadi ya mkopo ya duka? Leo utapunguziwa asilimia 20. Ni mkopo wa benki, riba yake ni karibu asilimia 32 kwa mwaka, kwa hiyo inakufaa ikiwa utalipa zote bili ikija. Wataangalia rekodi yako ya mikopo.»

Neno *mkopo* lisikosekane, wala asilimia 32 isikosekane. Akisema hapana, umeuliza, kazi yako umeifanya, endelea na mteja anayefuata. Akisema ndiyo, mpe mashine ajaze mwenyewe. Mkononi mwako isikae. Mwambie ahakikishe anwani yake ni ya sasa. Hili la anwani linadharauliwa na ndilo linalowaumiza wageni, kwa sababu wanahama mara kwa mara. Kadi na bili vinakwenda nyumba ya zamani, mtu hajui kama anadaiwa, faini inaingia, na malipo yakichelewa siku 30 benki inaweza kumripoti. Deni la dola 40 linamharibia rekodi kwa miaka 7.

Yako mambo ambayo usiyafanye hata kama meneja amesimama nyuma yako. Usiseme «ni kadi ya punguzo tu». Usichukue leseni ya mteja ukaiskani kwa madai ya kuangalia kama ana kuponi. Usimwambie kwamba rekodi yake ya mikopo haitaguswa. Ombi likipita kwenye ukaguzi kamili, alama zake za mikopo hushuka kidogo na ukaguzi huo unaonekana kwenye rekodi kwa miaka 2. Usimwongezee bima ya malipo ambayo hakuiomba. Na kwenye sehemu ya kipato usimtajie namba ya kuandika. Sheria ya kadi za mkopo ya mwaka 2009 inaitaka benki ipime kama mtu ana uwezo wa kulipa, na aliye chini ya miaka 21 anatakiwa aonyeshe kipato chake mwenyewe au awe na mdhamini. Kumsaidia mtu kuandikia benki kipato cha uongo ili apate mkopo ni kosa la jinai la serikali kuu. Kwako kama mhamiaji lina uzito wa ziada: makosa ya udanganyifu huhesabiwa na idara ya uhamiaji kama makosa ya kukosa maadili, na yanaweza kuiweka hatarini hata kadi ya ukaazi.

Usidhani ukikamatwa duka litakubeba. Mwaka 2016 benki ya Wells Fargo ilitozwa dola milioni 185 baada ya kugundulika kwamba wafanyakazi wake walikuwa wanawafungulia wateja akaunti bila ridhaa yao, kwa shinikizo la malengo ya mauzo kama hayo yako. Wafanyakazi wapatao 5,300 walikuwa wamefukuzwa kwa sababu hiyo, wengi wao wakiwa wa ngazi za chini. Waliopanga malengo walikuwa ghorofa za juu. Majina yaliyo kwenye fomu yalikuwa ya watu wa kaunta.

Hilo la kuitwa kwa wateja wa Kiswahili ndilo linalonigusa zaidi katika barua yako. Keshia mwingine akiacha kumwambia Mmarekani riba, mteja anaweza angalau kusoma jedwali la masharti kwenye skrini. Mama aliyetoka Uvira au Bukavu juzi hawezi. Hapo wewe ni muuzaji na mkalimani kwa wakati mmoja, na usilolisema hakuna mwingine atakayelisema. Anakuamini kwa lugha kabla hata hujaongea habari ya kadi. Amekuita «dada» au «mwanangu», na anadhani umeitwa kumsaidia. Kwa mteja wa namna hiyo nakushauri ukaze zaidi: kabla hajagusa skrini, mwombe akueleze kwa maneno yake ni kitu gani anachukua. Akisema «ni kadi ya kupunguziwa bei», hajaelewa, na ombi lisiendelee mpaka aelewe. Ukiona foleni inakusukuma, mwambie aende nyumbani akafikirie, aje siku nyingine. Punguzo kama hilo hurudi. Maduka hayaachi kulitangaza.

Lakini usivuke upande wa pili ukaanza kuwaruka watu fulani kwa kuwahurumia. Wapo makeshia wenye roho nzuri ambao hawawaulizi kabisa wazee, Wakongo, au wanaolipa kwa msaada wa serikali, wakiamini wanawalinda. Sheria ya mwaka 1974 ya usawa katika mikopo inakataza kumbagua mwombaji kwa asili yake, rangi, dini, jinsia, ndoa, umri, au kwa kuwa kipato chake ni cha msaada wa serikali, na kumkatisha tamaa mtu kwa sababu hizo ni sehemu ya ubaguzi huo. Waulize wote, waambie wote riba ileile. Pia mgeni anayetaka kujenga rekodi ya mikopo ana haki ya kuitumia kadi hiyo kwa faida yake. Akikuuliza kama kuna njia nyingine, jibu kweli: kadi ya kuweka dhamana, ambayo unaweka kama dola 200 benki na kuzitumia kama kikomo chako, au kadi ya chama cha kuweka na kukopa, maana vyama vilivyo chini ya serikali kuu hapa vimewekewa ukomo wa riba wa asilimia 18.

Ukifanya hivi, maombi yako yatapungua. Sitakudanganya kwamba ukweli huuza kuliko ujanja. Kwenye kaunta hii hauuzi hivyo. Kwa hiyo panga mapema namna ya kupambana na hesabu ya shifti.

Omba lengo hilo kwa maandishi, pamoja na kinachotokea usipolifikisha. Barua pepe fupi ya heshima inatosha: «Naomba kufahamu kiwango kinachotakiwa na taratibu zake.» Weka nakala za ratiba zako za masaa 32 na za 18, pamoja na tarehe. Meneja akikuambia kwa mdomo usitaje riba, mwandikie siku hiyohiyo: «Nimeelewa kwamba nisitaje riba kwa mteja, naomba uthibitishe.» Wengi hawatathibitisha, na agizo hilo hulisikii tena. Akithibitisha, peleka HR, yaani idara ya wafanyakazi, au kwenye simu ya malalamiko ya kampuni, kwa sababu benki inayotoa kadi haipendi kabisa maandishi ya namna hiyo yawepo. Unaruhusiwa pia kuzungumza na wenzako kuhusu malengo na masaa; sheria ya kazi ya mwaka 1935 inalinda mazungumzo hayo hata mahali pasipo na chama cha wafanyakazi.

Huku hayo yakiendelea, omba uhamishiwe mahali pasipouzwa kadi: stoo, kupokea mizigo, kuandaa oda za mtandaoni. Duka kubwa lina kazi hizo, na nyingi ni za alfajiri ambazo watu hawazitaki, jambo linalokupa nafasi.

Usiache kazi kwa hasira. Ohio, kama karibu majimbo yote, mwajiri anaweza kukuachisha bila kutoa sababu. Ila anayeacha mwenyewe kwa kawaida hukosa mafao ya kukosa kazi, wakati anayeachishwa kwa kushindwa kufikia malengo, akiwa alijitahidi na hakuvunja kanuni, anaweza kuyapata. Ohio ina pia mafao ya sehemu kwa aliyekatiwa masaa bila kupenda kwake. Angalia kama mapato yako ya sasa yanakuruhusu, omba, na taja kila dola uliyoingiza wiki hiyo.

Kuhusu dini, kuna mlango ambao Waislamu wengi hapa hawaujui. Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 15 au zaidi amwondolee mfanyakazi jukumu linalopingana na imani yake, isipokuwa kama kumwondolea kutamletea mwajiri mzigo mkubwa. Zamani waajiri walikuwa wanakwepa kwa kuonyesha gharama ndogo tu. Mwaka 2023, katika kesi ya Groff, mpeleka barua aliyekataa kufanya kazi Jumapili, Mahakama ya Juu ilisema gharama hiyo lazima iwe kubwa kweli kwa biashara husika. Andika HR: imani yangu inanikataza kushiriki katika mikopo ya riba, naomba niondolewe jukumu la kutangaza kadi au nihamishiwe idara nyingine. Taja njia mbili tatu zinazowezekana, ili wasiseme hakuna namna. Wakikataa bila sababu ya maana, lalamika kwenye tume ya usawa kazini, EEOC. Kwa kawaida una siku 180, na katika majimbo mengi 300.

Kama ni dhambi au si dhambi, hilo ni la sheikh wako. Unaijua hadithi ya Mtume (s.a.w.) inayomlaani mla riba, anayeilipa, mwandishi wake na mashahidi wake wawili. Wapo masheikh wanaomruhusu mwenye dharura abaki mahali kama hapo huku akitafuta kwingine kwa bidii ya kweli. Utakapomwendea mweleze mambo yalivyo: kwamba mteja akilipa kwa wakati hatozwi riba lakini sharti la riba limo mkatabani, kwamba unaombwa kushawishi na si kupokea fedha tu, na kama unapata bonasi kwa kila kadi. Kama unaipata, mimi ningeikataa, hata ikiwa dola chache. Fatwa inayotolewa kwa maelezo nusu haitakupa usingizi.

Amebaki yule mama. Usiingie kwenye mfumo wa duka kutafuta namba yake ya simu. Ni kuvunja faragha na inatosha kukufukuzisha. Mwandikie meneja: mteja wa tarehe fulani, risiti namba fulani, hakuelewa kwamba anaomba mkopo, naomba benki imtafute kwa mkalimani wa Kiswahili. Ndiyo, barua hiyo inaonyesha kuwa ni wewe uliyemhudumia. Iandike hata hivyo, kwa sababu ikija kama malalamiko kutoka kwake itakuwa mbaya zaidi kwako, na kwa sababu ni haki yake.

Akirudi dukani, mpigie naye simu benki kwa namba iliyo nyuma ya kadi, yeye akiwepo na akikubali, nje ya zamu yako. Aulize anadaiwa kiasi gani, mwisho wa kulipa ni lini, na anwani iliyoandikwa ni ipi. Alipe zote. Mara nyingi inawezekana hata palepale kaunta. Kisha, kama haitaki kadi, aombe ifungwe na atumiwe barua inayoonyesha salio ni sifuri. Akisema hakuridhia mkopo, aipinge akaunti kwa maandishi benki, na wakimpuuza alalamike kwa mwanasheria mkuu wa Ohio au kwa CFPB, ofisi ya serikali kuu inayolinda watumiaji wa huduma za fedha. Ni wiki moja tu imepita. Bili ya kwanza huenda haijachapishwa, na ikitumwa sheria inampa siku zisizopungua 21 za kulipa bila kuhesabiwa amechelewa, kwa hiyo barua kwa meneja iandike leo.